Nyumba za Lamu Zinasifiwa Dunia Nzima, Msikiti Wetu Ruiru Hauna Dirisha



Kuna video imezunguka sana kwenye magrupu yetu juzi. Nyumba ya Lamu. Kuta nyeupe, paa refu la makuti, bahari iko pale mbele, na wageni wamejilaza kivulini na juisi zao. Chini yake kijana mmoja wa hapa kwetu Kimbo ameandika kwa herufi kubwa: TUMEIBIWA. Basi, majibu yakamwagika. Huyu anasema Allah atawalipa, yule anasema ni ukoloni umerudi na viatu vingine, mwingine ati tuandamane. Tuandamane wapi sasa, Thika Road? Nilisoma majibu yote hadi usiku na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali rahisi kabisa: hiyo nyumba alichora nani, na alijifunzia wapi?

Nitawaambia. Na nikimaliza kuna watakaonikasirikia, hasa wazee wa kamati. Sawa tu.

Nyumba yenyewe inaitwa Red Pepper House. Ilikamilika 2009, huko Lamu, na siku hizi inapokea wageni kama hoteli. Aliyeichora ni Urko Sánchez, msanifu majengo kutoka Uhispania. Huyu bwana hakuja Afrika Mashariki na pesa za kununua ufuo. Alikuwa amefanya kazi na mashirika ya misaada katika nchi zenye shida, kisha akafika Lamu, akakaa, akafungua ofisi yake na kuanza kujenga. Akachora fleti za Shela zinazoitwa Swahili Dreams. Akaja Mombasa, kwenye mkono wa bahari wa Tudor, akachora jengo la fleti ambalo nje yake limevikwa ukuta mweupe wa matundu matundu kama nakshi. Ukiwa ndani unaona maji, unapata upepo, na jirani hakuoni. Majarida ya usanifu ya Ulaya na Marekani yakaichapisha, watu wakashangaa: jamani, huyu ametoa wapi akili hii?

Ametoa kwa nyanya yako. Hiyo ndiyo jibu.

Ukuta wa matundu ni mashrabiya, na kutoka Cairo hadi Zanzibar watu wameishi nyuma ya mashrabiya kwa mamia ya miaka kabla ya huyo bwana kuzaliwa. Kila kitu ambacho wageni wanalipia kwenye nyumba zile kilikuwa tayari kwenye nyumba ya mawe ya Lamu. Unaingia kwanza daka, na baraza zake mbili za kukaa, mgeni anapokewa hapo bila kuvuka mlango. Mlango ukifunguliwa huoni ndani, kwa sababu njia inapinda kwanza. Kisha unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ambao ndio mapafu ya nyumba. Kisha vyumba vinafuatana, msana wa kwanza, msana wa pili, halafu ndani, kila hatua ni ya faragha zaidi kuliko iliyopita. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene, jua la mchana likiupiga, joto linachelewa kufika kwako. Dari ni boriti za mikoko, na kwa sababu boriti haina urefu wa kutosha, chumba hakiwezi kuwa kipana, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Kuna wikio pia, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kikiunganisha nyumba mbili, mtu anapita kwa jamaa yake juu kwa juu bila kushuka barabarani.

Hakuna aliyekaa na kompyuta akabuni haya. Ni mafundi, na familia zilizowaambia mafundi zinataka kuishi vipi. Jua, upepo, heshima ya mgeni na stara ya wenye nyumba, vyote vimetatuliwa kwa mawe, chokaa na miti.

Na hata kuyaandika hatukuandika sisi. Aliyeipima Lamu nyumba kwa nyumba na kuchapisha kitabu mwaka 1975 alikuwa Usam Ghaidan, msanifu wa Kiiraki aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwiraqi! Alitoka nchi ya mito miwili akaja kutuchorea nyumba zetu wenyewe. UNESCO ilipouandika mji wa kale wa Lamu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, njia ilikuwa imeshafyekwa na watu kama yeye. Kwa hiyo huyo Mhispania alipofika alikuta darasa limefunguliwa, mlango uko wazi, mafundi wapo, na viti vya wanafunzi havina mtu. Akaketi. Wewe ulikuwa wapi?

Subirini, kuna kitu kingine wale wa "tumeibiwa" hawapendi kusikia. Huyu mtu wa nyumba za kifahari alienda Tadjourah, Djibouti, akawachorea shirika la SOS kijiji cha watoto, nyumba 15, kikakamilika 2014. Akakipanga kama medina ya zamani: vichochoro vyembamba vyenye kivuli, hakuna gari ndani, nyua ndogo ndogo za kuchezea, minara ya kunasa upepo kwa sababu joto la kule halina mchezo. Watoto wasio na wazazi wanalala kwenye nyumba iliyofikiriwa vizuri kuliko nyumba yako na yangu. Elimu ile ile ya mji wa Kiislamu iliyouzwa kwa matajiri ufuoni Lamu ikafika kwa mayatima. Sasa niambie, kati ya sisi na yeye, ni nani ameipeleka mahali pake?

Sisemi pwani hakuna dhulma. Ipo, na ni kubwa, na ukitaka kuipigania nitakuwa na wewe. Katiba yetu, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Ni yako. Lakini nenda pwani uone mvuvi anavyozungushwa na ukuta wa mtu kabla hajafika kwenye maji, na vijana wanavyofukuzwa na askari wa geti kwenye mchanga ambao hakuna binadamu anayeweza kuwa na hati yake. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99. Kuna njia nyingi za kukizunguka kifungu hicho na wote tunazijua, nyingi zinapita kwenye sahihi ya Mkenya mwenzetu. Hiyo ni kesi. Ina sheria, ina mahakama, ina mshtakiwa. Ila mshtakiwa ni mwenye ukuta na aliyetia sahihi. Kalamu ya msanifu haikumnyima mtu njia ya bahari, na ukichanganya haya mawili unapoteza kesi na unapoteza somo.

Turudi kwetu basi, maana huku ndiko kunakoniuma.

Mimi nilianza kazi kwa mjengo. Membley, Kahawa Sukari, Juja, nimebeba mawe ya Ndarugo hadi mabega yakaota sugu. Najua Ruiru inajengwa vipi kwa sababu nimeijenga. Sensa ya 2009 ilihesabu mji huu watu 238,858. Sensa ya 2019 ikahesabu 490,120. Miaka kumi, mji umekuwa mara mbili na zaidi. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa 2012, kila mwenye robo eka ya kahawa aliamka akiwa landilodi. Na namna tulivyojenga ni hii: mwenye ploti anakuja na karatasi, wakati mwingine ni fotokopi ya mchoro wa jirani. Anamwambia fundi, nitolee bedsita ngapi hapo? Fundi anagawanya kumi kwa kumi, kumi kwa kumi, kumi kwa kumi hadi mpaka wa ploti. Dirisha linatazama ukuta wa gorofa la pili, unaweza kunyoosha mkono ukamshika jirani. Saa sita mchana taa imewashwa. Mama anapika kwa gesi nyuma ya pazia, hewa haina pa kutokea, mtoto anakohoa mwaka mzima na tunasema ni baridi ya Ruiru.

Si baridi ya Ruiru. Ni mchoro.

Nimeona pia gorofa ya tano ikipanda juu ya nguzo zilizohesabiwa kwa gorofa mbili. Niliuliza, nikaambiwa mimi ni wa kubeba mawe, nibebe mawe. Huruma, Nairobi, jengo lilianguka Aprili 2016, watu zaidi ya 40 wakafa. Mnakumbuka. Na 2022, hapa hapa kaunti yetu ya Kiambu, Kirigiti mwezi wa Septemba na Ruaka mwezi wa Novemba, majengo yaliangukia watu. Kila mara tunasema innalillahi, serikali inatuma tingatinga, mwezi unaisha, nondo nyembamba zinarudi kazini.

Na sasa tuwe wakweli, maana hii page si ya kupakana mafuta. Kati ya malandilodi wa hizo bedsita kuna wetu. Wanaswali safu ya mbele, wanatoa sadaka, Ramadhani wanafuturisha mtaa. Na wapangaji wao ni vijana wetu na wajane wetu, wamewekwa kwenye vyumba ambavyo mtu wa Lamu wa miaka 200 iliyopita asingeweka mbuzi. Dada hana pa kuvulia hijabu yake kwa amani, kwa sababu mlango ukifunguliwa ukumbi mzima unamwona hadi kitandani. Choo ni cha pamoja na kiko mwisho wa ukumbi, wanaume wamesimama hapo wakivuta sigara. Tunatoa mihadhara ya stara kila wiki. Ukuta mmoja tu wa kupinda mlango, kama ule wa daka la Lamu, ungefanya kazi ya mihadhara kumi, na mawe yake hayafiki mia moja. Mimi nimejenga, najua bei.

Kifungu cha 43 cha katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 kila mwezi kwa ajili ya nyumba, na tuna haki ya kuuliza zinakwenda wapi. Lakini haki hiyo ukimdai Rais na usimdai Alhaji mwenye ploti, basi unadai nusu.

Sasa msikiti.

Sitautaja ni upi. Uko kati ya Ruiru na Thika, na wengi wenu mtautambua, na wengine mtadhani ni wenu, kwa sababu inafanana yote. Mabati ya zamani yamebomolewa, jengo jipya linapanda gorofa mbili. Pesa tumechanga sisi, mia mia, mama mboga na boda boda. Mchoro ulitoka kwa mtu aliyeuchomoa kwenye simu. Nilipoingia kuuona nilitafuta madirisha ya chini, upande wa wanawake, sikuyaona. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba watawekewa spika na feni. Ngazi yao ni ya nje, nyuma, karibu na mapipa ya taka, na haina paa. Mvua ya Aprili waipande vipi na watoto mgongoni? Lakini juu ya paa kuna bajeti ya kuba la kijani la karatasi ngumu litakaloagizwa Nairobi, na bei ya kuba hilo ingetoa madirisha, paa la ngazi, na pa kutawadhia wazee wasioweza kuinama. Kuba halina kazi yoyote. Chini yake kuna dari ya zege, tambarare. Ukiswali ndani huwezi hata kujua lipo.

Msikiti wa Mtume Madina ulianza na kuta za matofali ya udongo, nguzo za vigogo vya mtende na makuti juu. Hata mtoto wa madrasa darasa la pili anajua hili. Sijui ni wapi tulikubaliana kwamba ibada inahitaji fibaglasi.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba hatukukosa mtu. Pale Juja, matatu moja tu kutoka hapa, kuna JKUAT, chuo kilichoanza 1981 na kuwa chuo kikuu 1994, na ndani yake kuna shule nzima ya usanifu na sayansi ya ujenzi. Kuna dada yetu anasoma pale. Alienda kwa kamati na karatasi zake mkononi, akasema atachora bure, mwalimu wake atasimamia, na msanifu aliyesajiliwa na bodi ataangalia na kutia muhuri. Alikuwa ameshapima jua. Alikuwa amegundua kwamba kiwanja kimeinama, kwa hiyo wanawake wangeweza kuingia moja kwa moja kutoka barabara ya juu bila ngazi hata moja. Hata moja! Kamati ikamsikiliza dakika tano. Mzee mmoja akamwambia, mwanangu, hii ni kazi ya wanaume, lakini mashallah, soma kwa bidii.

Alitoka pale akanipigia simu. Hakulia. Aliniuliza kama mawe ya msingi yameshawekwa.

Sasa niwape maisha ya msanifu mwingine, mkamsomee yule mzee. Abdel-Wahed El-Wakil, Mmisri, alizaliwa 1943. Mwalimu wake wa kweli alikuwa Hassan Fathy, yule aliyetaka maskini wa Misri wajenge kwa udongo wa chini ya miguu yao, aliyeanza kijiji kipya cha Gurna karibu na Luxor miaka ya 1940. Serikali ilimchosha, wanakijiji wenyewe wengi walikataa kuhamia, na Wamisri wengi wakamcheka: zege ndiyo maendeleo, wewe unaturudisha kwenye matope. Mwanafunzi wake akafanya nini? Akajenga nyumba ya kifahari ya ufuoni! Agami, karibu na Alexandria, kando ya Mediterania, nyumba ya mapumziko ya familia yenye uwezo, ilikamilika 1975. Ua wa ndani, mnara wa upepo, makuba ya matofali, mashrabiya. Mwaka 1980 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na katika tuzo hiyo fundi mkuu wa uashi, Aladdin Moustafa, alitajwa kwa jina pamoja na msanifu. Fundi! Nimebeba mawe nyumba ngapi mimi, na hakuna hata kibao cha geti kinachomjua fundi wangu.

Mtu anaweza kusema, si unaona, alimwacha mwalimu wake akakimbilia matajiri. Hata mimi nilifikiri hivyo mwanzoni. Lakini fikiria kidogo. Maskini hathubutu kujenga kwa udongo au chokaa, maana mtaa utamcheka, watasema ameshindwa. Tajiri akijenga hivyo anasifiwa ana ladha. Ndivyo ilivyo kila mahali. Makuti ya Lamu yakiwa juu ya mvuvi ni umaskini, yakiwa juu ya mgeni ni bei. Kwa hiyo elimu ya Fathy ilipitia ufuoni kwanza, ikapata heshima, ndipo milango mingine ikafunguka. El-Wakil alienda Jeddah, na miaka ya 1980 akajenga misikiti mmoja baada ya mwingine kando ya Bahari ya Shamu, mingine midogo kama sebule. Msikiti wake wa Corniche ulipata tuzo ile ile 1989. Akapewa na Quba. Nyinyi mliojaliwa kwenda umra mmeswali ndani ya kazi yake na hamkujua jina lake. Aliyeanza na nyumba ya starehe ya pwani ndiye aliyekabidhiwa msikiti wa kwanza katika Uislamu.

Kwa hiyo msimcheke kijana anayetaka kuchora nyumba za matajiri wa Diani. Mwacheni achore, alipwe, ajifunze. Swali ni nini anarudi nacho.

Wazazi, hapa naomba mnisikize bila hasira. Mtoto wetu akipata alama nzuri tunajua njia tatu: daktari, mhandisi, wakili. Akichora pembeni ya daftari anapigwa, ati anapoteza wakati, au anaambiwa picha ni haramu, hata kama ni picha ya mlango. Ya mlango! Ustadhi mmoja alimchania mtoto wa jirani yangu karatasi aliyochora nguzo na matao. Halafu tunashangaa kwa nini mchoro wa msikiti unachomolewa kwenye simu. Msomi wa usanifu hapa Kenya anasoma miaka mingi, anafanya mitihani ya bodi, ndipo anaruhusiwa kujiita kwa jina hilo kisheria. Hatuwezi kuwapata kwa dharura siku tunapotaka kujenga. Ilibidi tuwe tumewaanza zamani, kwenye daftari la darasa la nne.

Na kwa maboyz wa mjengo, nawajua, mko kwenye hii page wengi: mnaweka mawe, mnapiga plasta, mnalipwa kwa siku na jioni mnasahauliwa. Mafundi wa Lamu hawakuwa na digrii. Walikuwa na mizani, uzi, jicho, na mtu aliyewauliza wanafikiri nini. Jifunzeni kusoma mchoro. Ukiona nguzo nyembamba, sema, hata ukiambiwa ubebe mawe. Mimi sikusema kwa sauti ya kutosha, na lile jengo la gorofa tano bado limesimama hapo karibu na bypass, na kila mvua kubwa ikinyesha silali vizuri.

Kuna ndugu atasema: basi tujenge Ruiru kama Lamu, tumalize. Hapana! Hapo tena tutakuwa tumechomoa kwenye simu. Lamu iko usawa wa bahari, huku tuko zaidi ya mita 1,500 juu. Julai ya Ruiru, ukungu hadi saa nne, ukiweka ukuta wa matundu kama wa Tudor utazika watu kwa nimonia. Huku tunataka dirisha la kupokea jua la asubuhi, ukuta wa jiwe la Ndarugo unaotunza joto hilo hadi usiku, paa lenye upenyo wa kutoa moshi na jasho la watu 500 siku ya Ijumaa. Baraza tunaihitaji, maana vijana wetu hawana pa kukaa ila kwenye pikipiki. Njia ya kupinda mlangoni tunaihitaji. Ua tunauhitaji, hata mdogo. Makuti hatuyahitaji. Yule dada ameyafikiria haya yote kuniliko mimi, nimeona michoro yake, na hakuna kuba hata moja.

Mkitaka kumfuata Sánchez kwa kitu kimoja, mfuateni kwa hiki: alipofika mahali alitazama kwanza. Aliwaangalia watu wanakaaje, upepo unatoka wapi, fundi anajua nini. Hiyo haiibiwi wala hailipiwi kodi.

Yule aliyeandika TUMEIBIWA nimemtafuta, tumeongea vizuri tu kwenye kibanda cha chai Kimbo. Kumbe ni fundi wa welding, ametengeneza grili za nusu ya mtaa. Nilimwonyesha picha za ukuta wa Tudor kwa karibu, namna matundu yalivyopangwa. Akazikuza kwa vidole, akanyamaza, akasema, hii naweza kuitoa kwa chuma, tena kwa bei ya grili. Nikampa namba ya dada.

Msingi wa msikiti umeshawekwa, lakini kuta za chini bado hazijafika usawa wa madirisha. Kikao cha kamati ni Jumapili baada ya Asr, na kwa katiba ya msikiti kila aliyechangia ana haki ya kuingia. Risiti zenu za mia mia mnazo kwenye simu. Njooni nazo. Dada anakuja na mchoro, na safari hii mwalimu wake anakuja naye.